Jina Langu Chini ya Kazi Yake

Siku watu wa Larbi walipokuja kugonga mlango kwetu kuleta posa, mimi nilikuwa jikoni, kompyuta nimeiweka juu ya pipa la unga wa mahindi, nasoma swali lililonikata hamu ya kila kitu.

Swali lenyewe lilikuwa la adabu kabisa. Liliandikwa na mzee mmoja wa Kifini anayeitwa Tuomas, msimamizi wa sehemu ya kiini cha Linux inayoendesha kadi za mtandao, na alikuwa ameniita kwa jina mbele ya watu wote: "Pokuaa, kiraka cha Larbi kinaangusha mashine zangu. Chini yake pameandikwa kwamba wewe ndiye uliyekipima. Ulikipima kwenye kadi gani, na kwa namna gani?"

Nililisoma, nikalisoma tena. Sikuwa nimepima chochote.

"We Pokuaa!" Mama aliita kutoka uani, ambako majirani wawili walikuwa wanamsaidia kutwanga fufu, ugali wetu wa mihogo na ndizi. "Hiyo supu inaungua, au ni wewe unayeungua?"

"Haiungui, Mama."

"Basi koroga. Na ufunge huo mdude wako. Leo unaposwa, siyo siku ya kuongea na Wazungu."

Nilikoroga supu ya mawese bila kuiona. Vumbi la harmatani, upepo mkavu wa jangwani, lilikuwa limeingia mpaka ndani ya kabati. Nje nilisikia magari yakiegeshwa. Wageni walikuwa wamefika.

Nieleze kidogo, maana bila haya utaniona mkorofi, kama walivyoniona wengi siku ile. Sisi tunaorekebisha kiini cha Linux, programu inayoendesha kompyuta nyingi duniani, hatuna ofisi. Tuna baraza la barua pepe. Ukiwa na swali, unauliza pale. Ukiwa na rekebisho dogo, ambalo tunaliita kiraka, unalituma palepale, na watu wa dunia nzima wanakukosoa mstari kwa mstari. Hakifutwi kitu hata uombe kwa magoti. Chini ya kila kiraka kuna majina: aliyekiandika, aliyeona kasoro, aliyekipima. Na jina la mpimaji haliwekwi mpaka mwenyewe aseme, kwa mkono wake, hadharani, kwamba amepima. Kumwandika mtu ambaye hajapima ni kughushi saini yake. Nimeona watu wakitengwa kwa hilo, wanatuma viraka mwaka mzima na hakuna anayewajibu.

Mimi pale sina cheo. Mchana navuta nyaya za intaneti kwenye maofisi ya Kumasi, jioni nauliza maswali yangu na kutuma vijirekebisho vyangu vya mstari mmoja mmoja. Lakini nina sanduku la kadi za zamani nilizozichomoa kwenye kompyuta za watu, kadi ambazo wenzangu wengi hawana tena. Kwa hiyo walinizoea: yule dada wa Kumasi mwenye kadi. Nikisema nimepima, Tuomas hakuwa anauliza mara mbili. Kitu nilichokuwa nacho duniani ambacho sikupewa na Mjomba wala Mama kilikuwa hicho tu.

Na Larbi nilimpata hapohapo. Swali langu la kwanza nililituma kombokombo, mtu mmoja akanichana mbele ya kadamnasi mpaka nikalia. Kisha ikaja barua ya pembeni, yangu peke yangu: "Usijali, dada. Hata mimi walinitafuna nikiwa mgeni. Hebu nikuoneshe wanavyotaka. Unaandika kutoka wapi?" Nikamjibu kutoka Kumasi. Akaniandikia, "Acha utani! Mimi niko Tema, nchi hiihii!" Tangu siku hiyo hatukuachana. Alinifundisha kuuliza swali bila kujishusha, akanifundisha kusoma msimbo wa watu, maandishi ya programu zao, bila kuuogopa, na wakati huohuo akanifundisha kumngoja. Kila Ijumaa nilikuwa kituo cha mabasi cha Asafo, nimejipulizia marashi, nasingizia nimepita tu.

Nilimpenda, msiniulize kiasi gani.

Mlango wa nyuma wa jiko ulisukumwa taratibu. Larbi aliingia amevaa kaftani nyeupe iliyopigwa pasi mpaka inakata, kichwa amekiinamisha upande kama alivyozoea anapotaka kusamehewa kabla hajasema kosa. Macho yake yalikwenda kwenye kompyuta kwanza. Ndipo yakanijia mimi.

"Umeliona," akasema.

"Nimeliona."

"Umeshamjibu?"

"Bado."

Akashusha pumzi, akaegemea ukuta. "Umependeza, Pokuaa. Jamani, hiyo kente..."

"Larbi, jina langu limefikaje pale?"

"Mpenzi, wageni wameingia, tuyaache haya mpaka..."

"Limefikaje?"

Akajifuta jasho, na wala hapakuwa na joto. "Si nilikutumia kiraka Jumanne? Ukasema utakipima."

"Nilisema nitakipima umeme ukirudi. Mtaa mzima tulikuwa gizani, nilikupigia nikakwambia. Nilikwambia mwenyewe kwa mdomo wangu, 'Sijapima, usitume.' Ukasema sawa."

"Ndiyo, lakini ningengoja mpaka lini? Wale wa Munich wanaotaka kuniajiri walikuwa wanapitia kazi zangu wiki hiyohiyo. Nilishawaambia nina kiraka kiko njiani. Na Tuomas hawezi kupokea kitu cha kadi hizo bila mpimaji, mimi sina kadi hata moja, wewe ndiye unazo. Nilijua utapima. Nilijua kitapita. Pokuaa, ni mstari mmoja! Pakiti ikishindwa kutumwa, unaachilia kumbukumbu iliyoishika. Hata aliyeanza jana angeona."

"Umeiachilia mara mbili."

"Nini?"

"Nimeangalia sasa hivi. Kule chini inaachiliwa tayari. Wewe umekuja juu ukaiachilia tena. Kadi ikizidiwa mara moja tu, mashine nzima inalala. Ningekipima ingelala mbele yangu kabla chai haijapoa."

Alinitazama, midomo inacheza. Nilimwona anaufuata msimbo kichwani, mstari baada ya mstari, akafika mahali palepale nilipofika mimi, akafumba macho.

"Basi ni kosa dogo," akasema akiyafumbua. "Jumatatu nalirekebisha. Sasa mjibu mzee. Mwambie ulipima, kwako kikapita. Sema labda ni aina nyingine ya kadi. Nani atapanda ndege kuja Kumasi kukukagua?"

"Unataka niseme uongo."

"Nataka unisitiri! Mke si ndiyo kazi yake?" Akasogea karibu, nikasikia harufu ya sabuni yake. "Sikiliza. Tunaoana. Changu chako, chako changu. Jina lako nililiandika kama ninavyoliandika langu, sikuona tofauti. Kweli kabisa, Pokuaa, mkono wangu uliandika bila hata kufikiri."

"Hukuniuliza."

"Hivi mume anaomba kibali kutaja jina la mkewe?"

"Anaomba. Na mume hujawa."

Hilo lilimchoma. Sauti yake ikashuka. "Ukiandika kwamba hukupima, wataniita mwongo. Siyo Tuomas tu. Munich watasoma. Watoto wetu watasoma, maana barazani hakuna kinachofutika, unajua. Miaka yote hii nimejenga jina kutoka kwenye chumba cha kupanga cha Tema, kompyuta ya mtumba, bando la kuunga-unga. Unaweza kunivunja kwa barua moja. Nakuomba usinivunje."

Akanishika mkono. Ulikuwa na mafuta ya mawese mpaka kwenye kifundo, hakujali kaftani yake. Mwili wangu wote ulitaka kusema sawa. Niliona nyumba yetu, niliona yeye na mimi tumekaa meza moja, mabega yamegusana, kila mtu na msimbo wake. Ningeandika maneno manne tu, na nyumba ile ingekuwa yangu.

"Andika wewe," nikasema.

"Niandike nini?"

"Kweli. Wewe mwenyewe, kabla sijajibu mimi. Sema uliharakisha, jina langu uliliweka bila idhini, unaomba radhi. Larbi, watu wale wanasamehe. Nimewaona wakisamehe mambo makubwa kuliko hili, ilimradi mtu aseme mwenyewe. Ukituma kabla Mjomba hajaniita, nitaingia sebuleni niseme ndiyo, na hutanisikia nikilitaja mpaka naingia kaburini."

"Siku ya posa unanipa masharti?"

"Nakupa njia ya kutokea."

Alinitazama kwa muda. Kisha akatabasamu lile tabasamu lake la kituo cha Asafo, akanigusa shavu kwa mgongo wa kidole. "Sawa," akasema. "Sawa, mama hakimu." Akatoa simu mfukoni, akatoka uani, nikamwona kupitia dirishani amesimama karibu na kamba ya nguo, ameinama, anaandika.

Nilijiona mwanamke mwenye bahati kuliko wote wa Kumasi.

Sebuleni walikuwa wameshaanza. Msemaji wa upande wao alikuwa na sauti nene ya kukodiwa. "Sisi ni wapita njia," alinguruma. "Tumepita kwenye ukuta wa nyumba hii tukaona ua, tukasema hatuwezi kulala bila kuuliza mwenyewe."

"Nyumba hii ina maua mengi," Mjomba Agyeman akamjibu. Yeye ni kaka yake Mama, na kwetu mtoto ni wa mjomba wake kabla ya kuwa wa baba. "Semeni mnataka lipi. Msije mkachuma la mke wangu, bado ninalimwagilia."

Wakaangua kicheko. Halafu nikasikia sauti ya mama yake Larbi, Mama Ofeibea, ambaye tangu mwanzo hakunitaka kwa sababu sikusomea uuguzi wala ualimu, kazi anazozielewa. "Ua tunalolitaka sisi tunaambiwa linashinda kwenye kompyuta na kupanda ngazi na nyaya begani kama fundi. Mimi nauliza tu, linajua kupika?"

"Supu utakayokula leo ni ya mkono wake, dada yangu," Mama akamjibu papo hapo. "Ukishalamba vidole uje utuambie."

Uongo mtupu. Supu ilikuwa ya Mama, mimi nilipewa mwiko tu nikakaribia kuiunguza. Nilicheka peke yangu pale jikoni nikaacha ipite.

Larbi akarudi. Uso wake ulikuwa umelegea, ana amani. "Nimetuma," akasema.

"Umesema?"

"Nimeyamaliza. Yamekwisha, mpenzi, vuta pumzi." Akanibusu kwenye paji la uso, akajipangusa midomo kama mtoto aliyeiba sukari, akakimbilia sebuleni kabla hawajamkosa.

"Pokuaa!" Mjomba akaita. "Njoo, wageni wako wanakusubiri."

Nilijifunga vizuri kente yangu. Ningeweza kwenda moja kwa moja. Nimejiuliza mara nyingi, ningekwenda moja kwa moja ingekuwaje? Lakini mtu wa baraza lile hawezi kuona barua haijasomwa akaipita. Ni ugonjwa wetu. Nikainamia kompyuta.

Barua yake ilikuwa imefika. Ilikuwa fupi. "Samahani, Tuomas. Nilielewa kutoka kwa Pokuaa kwamba alishapima. Inaelekea hatukuelewana. Nitatuma kiraka kipya wiki ijayo. Asante kwa uvumilivu wako."

Basi. Maneno laini kama maandazi ya moto. Hakunitukana, hakupiga kelele. Alinisogeza taratibu pale kwenye kosa akajiondoa yeye, na kila mtu duniani atakayeisoma atajua kwamba Pokuaa wa Kumasi ndiye anayesema amepima wakati hajapima. Tena akaja kunibusu.

"We mtoto!" Mama akachungulia mlangoni. "Unaitwa mara ngapi? Mbona uso uko hivyo? Tabasamu!"

Niliingia. Sebule ilikuwa imejaa, viti vya kukodi vimepangwa mpaka kwenye korido, na mezani mbele ya Mjomba chupa za shinapsi, pombe ya kuposea, zimefungwa utepe. Larbi alikaa karibu na mama yake. Aliniona nikiingia, akatabasamu, kisha akaniangalia vizuri na tabasamu likamtoka. Alijua nimesoma.

Kwetu msichana anaulizwa mara tatu, mbele ya mashahidi, ili kesho asije akasema alilazimishwa. Mjomba alikohoa, akajikunjua. "Mpwa wangu, watu hawa unawafahamu?"

"Nawafahamu."

"Wameleta kinywaji. Wanasema ni kwa ajili yako. Tupokee?"

"Mjomba, naomba nimuulize Larbi neno moja kwanza."

Minong'ono ikaanza. Mama akanifinya mkono kwa nyuma. Mjomba, ambaye anapenda sana mambo yaende kwa utaratibu, alinyanyua nyusi, lakini akasema, "Uliza."

"Larbi, mimi nilikwambia nimepima?"

"Pokuaa, siyo hapa," akasema chini kwa chini.

"Nilikwambia?"

"Kupima nini?" Mama Ofeibea akaruka. "Anapima nini huyu? Ana mimba?"

"Mama, siyo hiyo," Larbi akasema, akijishika kichwa. "Ni kazi. Ni mambo ya kazi tu."

"Ameandika kwa watu wote tunaofanya nao kazi," nikawaeleza wale wazee, "kwamba mimi nilimwambia nimeipima kazi yake na ni nzima. Sikuipima. Nilimkataza hata kuituma. Imeharibu mashine za watu, na lawama ameniwekea mimi. Ameandika hivyo sasa hivi, amesimama hapo uani kwetu, wakati ninyi mnasifia ua."

Msemaji wao alijikuna shingo. Hakuwa amelipwa kwa ajili ya hilo.

Larbi akasimama. Nilidhani ataomba radhi, na Mungu ananiona, ningeipokea hata hapo. "Umeamua kunidhalilisha mbele ya wazazi wangu," akasema. "Haya. Mama yako amesema supu umepika wewe. Nimekukuta jikoni, hata chumvi hujui imewekwa lini. Mbona hukutoka kukanusha? Maneno ya kulainisha mambo tunayasema sote, Pokuaa. Ila ya kwangu tu ndiyo dhambi?"

Nilihisi Mama ameuachia mkono wangu. Aliangalia sakafu, na watu wote wakamwangalia yeye. Katika yote ya siku ile, hilo ndilo lililonichukiza kuliko mengine: kumwona mama yangu anaona haya nyumbani kwake.

"Mama alinipa sifa isiyo yangu," nikasema. "Wewe umenipa kosa lisilo langu."

"Yote ni uongo!"

"Basi nioneshe aliyedhurika kwa uongo wa supu."

Mjomba alipiga mkono juu ya meza, chupa zikagongana. "Tulieni. Pokuaa, mimi hizo mashine sizijui. Nisaidie. Hili ni jambo la kuvunja posa, au ni jambo la kugombana na kupatana?"

"Mjomba, barazani mimi sina kingine. Sina shahada kama yake, sina watu. Nina hilo jina tu, kwamba nikisema nimeona, nimeona. Yeye anajua kuliko mtu yeyote hapa, maana ndiye aliyenifundisha. Na alipobanwa, hicho ndicho alichokichukua kwanza. Siku tukiwa na njaa kweli atachukua nini?"

Mzee alizisawazisha chupa mezani. Kisha akasema taratibu, "Nakuuliza mara ya pili. Tupokee?"

Nilitoa simu yangu nikaivuka sebule yote mpaka alipokuwa Larbi. Nikamnyooshea. Tulikuwa karibu kiasi kwamba niliona lile kovu dogo juu ya mdomo wake, ambalo nilikuwa nimelibusu wiki iliyopita tu. "Andika sasa," nikamwambia. "Andika kweli, hapa mbele yao, mstari mmoja. Halafu nitamwambia Mjomba apokee. Larbi, tafadhali. Nakusihi. Niokoe nisikukose."

Aliitazama ile simu. Mkono wake ulinyanyuka, nikauona. Akamtazama mama yake. Akaitazama tena simu, na macho yakamjaa maji.

"Munich watasoma, Pokuaa," akasema. Mkono ukashuka.

Nilirudi nilipokuwa nimesimama.

"Nakuuliza mara ya tatu na ya mwisho," Mjomba akasema, na nadhani aliuliza haraka ili anihurumie. "Kinywaji hiki tukipokee?"

"Msikipokee."

Sikumbuki vizuri vurugu iliyofuata. Nakumbuka msemaji akikusanya chupa zake na utepe umefunguka unaburuta. Nakumbuka Mama Ofeibea akijifunga nguo yake kwa hasira, akasema kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, "Mungu fundi! Mwanangu alikuwa anaoa mahakama!" Na Mama yangu, ambaye siku nyingine angemjibu mpaka jua lizame, hakusema neno.

Nilimsindikiza Larbi mpaka getini. Hakuna aliyenituma. Magari yalikuwa yamewashwa, wazee wanagombania siti, na vumbi limeweka rangi ya majivu juu ya kila kitu, mpaka kwenye kope zake.

"Nilikupenda kweli," akasema.

"Najua."

"Bado nakupenda."

"Najua, Larbi."

Akasimama pale, ameshika mlango wa gari, na mimi nikangoja. Nilikuwa tayari. Angesema neno moja tu la maana ningefungua geti upya na kuwaita wote warudi, aibu nikaibeba mwenyewe. Akainamisha kichwa upande, kama kawaida yake.

"Sasa yule mzee," akaniuliza, "utamjibu?"

Nilimwangalia mpaka nikaona siwezi tena. "Nitamjibu," nikasema, nikafunga geti.

Jikoni palikuwa na joto na harufu ya mawese. Nilikaa mbele ya kompyuta na kente yangu ya posa, nikaandika. Niliandika maelezo marefu, ya umeme, ya simu ya Jumanne, ya kila nilichomwambia na alichoniambia. Nikayafuta yote. Nikaandika tena kwa ukali, nikafuta tena, maana niliona mikono yangu inataka kumuumiza, na ile haikuwa kazi ya baraza. Mwishowe nilibakiza sentensi moja, kavu, kwamba sikukipima kiraka kile wala sikutoa jina langu. Chini yake nikaonyesha mahali kumbukumbu inapoachiliwa mara mbili. Nikatuma.

Nililaza kichwa juu ya pipa la unga. Nilipokiinua Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono amepakata, mbele yake sufuria la supu ambalo hakuna aliyeligusa, na fufu ya ukoo mzima imefunikwa kwa majani inaanza kupoa.

"Umemwandikia yeye?" akauliza.

"Nimeandika kwa wote."

"Umesemaje?"

"Kwamba sikupima."

"Basi?"

"Basi, Mama."

Akatikisa kichwa. Hakuwa na hasira. Ingekuwa hasira ningeiweza. "Nimeshonesha nguo," akasema. "Nimemwambia kila mtu sokoni, mpaka wauza vitunguu. Nimeshaanza kuhesabu wajukuu." Akajipangusa pua kwa upande wa kanga. "Na huyo Mzungu, amejibu?"

"Amejibu."

"Haraka hivyo? Amesema nini?"

Niligeuza kompyuta nikamwonyesha, ingawa hasomi Kiingereza bila miwani. Lilikuwa neno moja, na chini yake jina lake.

"Amesema asante."

"Asante tu?"

"Asante tu, Mama."

Mama alilitazama lile neno kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama chenji aliyorudishiwa. Kisha akainuka, akachukua bakuli langu la tangu utotoni, akanipakulia fufu donge kubwa, akamimina supu juu yake mpaka ikafurika, akanisogezea. Kabla sijanawa mikono alikuwa ameshaanza kulia.